Vitanda vya Karibu na Mtambo

Karakana ya hospitali,
4 Machi

Mdogo wangu Daktari,

Watu wengine huanza barua kwa kuulizana afya. Afya ndiyo kazi yako, sitaki kukuongezea mzigo. Ya kwangu ipo palepale ulipoiacha. Tuendelee.

Habari za cheo chako cha uprofesa zimefika hadi huku chini. Karani wa mganga mkuu amebandika picha yako kwenye ubao wa matangazo, kati ya tangazo la kukatika maji na onyo kwa wanaoiba sabuni. Umevaa joho, umesimama kama mtu aliyeambiwa asipumue. Kwa mtaalamu wa mapafu nimeona si mfano mzuri. Nilikuwa nimesimama pale najifanya nasoma habari ya maji, mama mfagiaji akaja akaniuliza, "Fundi, huyu si yule dada yako aliyekuwa akikuletea chakula karakana?"

"Ndiye."

"Kumbe alikuwa na akili!"

Nakupa salamu zake jinsi zilivyo.

Unalalamika sipokei simu. Simu yangu imezeeka, inameza maneno. Halafu wewe hujui kusalimia kama watu. Mtu anasema haloo, wewe unasema, "Kaka, vuta pumzi, hesabu." Nilikuvumilia ulipokuwa mwanafunzi, ukitupanga sebuleni mimi na mama na jirani, kila mtu ahesabu kwa pumzi moja hadi imwishie, wewe unaandika. Mimi nilifika arobaini na mbili nikatembea kifua mbele wiki nzima. Mama alifika ishirini. Baadaye kumi na tano. Ule mwezi wa mwisho, alipokuwa akilala amekaa kwenye kiti, alifika sita akasema, "Basi, zinatosha, kwani naenda kuzipeleka wapi?" Sisi tukacheka. Wewe ukatoka nje. Nadhani udaktari wako ulianzia pale mlangoni.

Sasa mimi ni mtu mzima, sihesabishwi. Barua ina heshima yake.

Huku mambo ni yaleyale. Ile mashine ya kupumulia namba saba, tuliyoiita Bibi, bado ipo, na bado inakohoa kabla ya kuanza kazi kama mzee anayetaka kutoa hotuba. Wodi ya mahututi imepakwa rangi. Juu ya kila kitanda wamebandika Ratiba yako ndani ya plastiki, jina lako kwa chini. Kila asubuhi saa mbili daktari wa zamu anaisoma kwa sauti, halafu wanaanza. Nikipita pale na bisibisi zangu navua kofia.

Kaka yako,
Fundi


Ofisini,
29 Machi

Kaka,

Joho lilikuwa la kuazima na lilinibana. Sasa unajua kwa nini sikupumua.

Nina jambo linalonisumbua, na nimeona wewe ndiye mtu wa kuniambia. Hospitali mbili zimeniandikia kuhusu Ratiba. Unaijua: saa mbili asubuhi mgonjwa anapunguziwa hewa hatua moja, na akianza kuhangaika tunasubiri nusu saa kabla ya kumrudishia, ili mapafu yake yajifunze tena kazi. Sisi tulifanya kwa wagonjwa mia mbili. Nusu walifuata Ratiba, nusu utaratibu wa zamani. Waliofuata Ratiba walitoka wodini mapema, na waliokufa kati yao walikuwa wachache kuliko wenzao. Ndiyo makala iliyonifikisha hapa. Kila nilichopata tangu hapo, kiti hiki, maabara, wanafunzi, kimesimama juu ya wagonjwa wale mia mbili.

Sasa hizi hospitali mbili zinasema kwao ni kinyume. Wa Ratiba wanakufa zaidi. Wameniandikia kwa adabu kubwa, adabu ya mwenye nyumba anayekuja kukuuliza unapanga kuhama lini.

Ninaamini wanakosea mahali. Hawaangalii mgonjwa ndani ya ile nusu saa, au wanapunguza hatua mbili kwa pupa. Nimewauliza kila kitu wakanijibu kila kitu, na bado sioni kosa. Kaka, wewe ulikuwa unaona yote, na lile daftari lako la kila siku najua hukulitupa. Hebu nitazamie. Sisi tulifanya nini pale ambacho wao hawafanyi? Hata kiwe kidogo kiasi gani.

Na pokea simu. Kikohozi kile cha mwaka juzi kiliisha?

Mdogo wako


Karakana,
17 Aprili

Mdogo wangu,

Nilisoma swali lako nikacheka peke yangu mpaka nikatafuta pa kukaa. Miaka minane nangoja mtu aniulize.

Zikumbuke bahasha zako. Mgonjwa akiingia, Sista Mkuu anafungua bahasha. Kadi ya njano, huyo ni wa Ratiba. Kadi ya bluu, utaratibu wa zamani. Kadi inafungwa kwenye chuma cha kitanda, miguuni. Siku ya kwanza kabisa nilimwuliza Sista, "Wa Daktari wetu ni wepi?" Akasema, "Wa njano." Basi. Nikajua kazi yangu.

Wewe unajua mapafu, mimi najua bomba. Bomba letu la oksijeni linatoka kwenye mtambo nyuma ya jengo, linaingia wodini kwenye kitanda cha kwanza, linatambaa ukutani hadi cha kumi na mbili. Baada ya kitanda cha sita kuna kiungo kinachovuja. Nimekifunga kwa kila kitu ambacho binadamu anaweza kufungia kiungo, isipokuwa kiungo kipya, ambacho niliomba kwa maandishi mara tisa. Kabla ya kiungo, sindano ya geji ya kupimia msukumo wa hewa inasimama kama askari. Baada ya kiungo, hasa asubuhi vitanda vyote vikivuta kwa pamoja, sindano inalala.

Kwa hiyo nilimwambia Sista: wa njano wakae cha kwanza hadi cha sita. Alidhani ni agizo lako. Sikumsahihisha. Chujio jipya likifika, kwa wa njano. Mashine niliyoifungua na kuisafisha wiki hiyo, kwa wa njano. Bibi alikwenda moja kwa moja kwa wa bluu. Na siku mgonjwa wa njano alipokosa nafasi mbele, tulimhamisha mmoja wa bluu nyuma kabla wewe hujafika kazini. Ukifika, wodi imetulia, kadi zimekaa mahali pake, unasema, "Kaka, leo pazuri." Mimi nashika ufagio kana kwamba sihusiki.

Wewe ulikuwa unafanya utafiti. Mimi nilikuwa nafanya udugu.

Sasa waambie hao waungwana wa hospitali mbili wawaweke wagonjwa wa Ratiba karibu na mtambo, na wamheshimu fundi wao. Mengine yatajipa.

Na neno la mwisho, la utani. Ile makala yako ina sehemu ya shukrani pale mwishoni, mmewataja hadi waliowapigia chapa. Nimeipitia mara mbili nikijitafuta. Sidai. Nasema tu.

Fundi

Kikohozi kiliisha. Kimebaki kile cha kusafishia koo.


Karakana,
2 Juni

Mdogo wangu,

Wiki sita kimya. Nimemwuliza karani kama barua zinapotea, akasema za kwake zinafika. Kwa hiyo nimebaki na mawazo mawili. Ama umezidiwa na kazi, ama ule utani wa shukrani umekukera. Kama ni utani, ufute. Nilisema kwa mdomo tu, na mdomo wenyewe unaujua. Tangu lini fundi akatajwa kwenye vitabu?

Huku kumekuwa na vumbi jingi. Karakana nimehamishia kiti kizuri, chenye mgongo mrefu, na nimegundua mtu anaweza kulala kwenye kiti bila shida yoyote. Mama alijua mambo.

Nijibu hata mstari mmoja.

Fundi


Ofisini,
24 Juni

Kaka,

Sijakasirika. Nimekuwa na vikao.

Ulichoandika mwezi wa nne hakina uzito unaoudhani. Hata hivyo nahitaji lile daftari kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Litume lote, la miezi kumi na minane ya utafiti, kwa mkono wa mtu unayemwamini. Usiweke nakala. Na mambo ya vitanda usimsimulie mtu, hata Sista Mkuu. Watu hawaelewi utafiti, watakuza jambo.

Mwezi wa tisa kuna mkutano mkubwa wa madaktari wa mapafu, nami nimepewa hotuba ya ufunguzi. Baada ya hapo nitakuwa na nafasi.

Natumaini u mzima.


Karakana,
15 Julai

Daktari,

Barua yako haikuwa na jina chini. Nimeitambua kwa mwandiko.

Unanijua. Ukiniambia kitu hakina uzito, nakwenda kukipima. Nilimwomba daktari kijana wa wodini, yule unayemkumbuka kwa miwani, anipatie makala yako. Nikakaa nayo na kamusi siku kumi na moja. Mara ya kwanza sikuelewa kitu. Mara ya pili nikaelewa majedwali, maana majedwali ni ndugu wa geji. Mara ya nne nikafika kwenye mstari unaosema makundi mawili yalitunzwa kwa hali sawa katika kila jambo isipokuwa Ratiba.

Nikaufunga mlango wa karakana.

Nikamfuata yule kijana, nikamwuliza kama mtu anayeuliza habari za mpira: "Hivi kundi moja likipewa hewa nzuri na mashine nzuri, na lingine likapewa Bibi, halafu la kwanza likapona, mtajua ni nini kimeponya?"

Akacheka. "Fundi, hapo utafiti umekufa. Hapo hujapima dawa, umepima bomba."

"Na watu wakiifuata hiyo dawa?"

"Inategemea inawafanya nini," akasema, akaangalia saa yake. Ilikuwa karibu saa mbili. Akaenda kupunguza hewa.

Sikuja kukupangia. Lakini nina jambo langu, si lako. Kwenye daftari, ukurasa wa sabini na tatu, kuna mwalimu wa hesabu. Kadi ya bluu. Aliingia tukamlaza cha tatu kwa kuwa ndicho kilikuwa wazi. Siku ya pili akaja mtu wa njano, nami na Sista tukamsukuma mwalimu hadi cha kumi na moja. Alinishukuru kwa kusukuma polepole. Alisema watu wa hospitali hii wana utu. Siku ya nne nimeandika: "Geji nyuma iko chini sana. Mwalimu hayupo." Chini yake nimeandika, "Vichujio viwili vimefika, njano." Kalamu ileile, wino uleule, siku ileile.

Wako wengine. Nilikuwa nawahesabu nikaacha.

Daftari nalituma kwa mkono wa dereva wa gari la dawa, amenyooka. Nakala sikuweka, kwa kuwa ulisema. Hakuna mwingine anayejua zaidi ya mimi na wewe na bomba. Ulivyoamua, ndivyo.

Kaka yako bado,
Fundi


Wodi ya mahututi,
9 Septemba

Daktari mwanangu,

Mimi ni Sista Mkuu, niliyekuwa nikikufungulia bahasha. Baada ya miezi mitatu nastaafu, kwa hiyo siogopi tena kuandika barua ambayo nimekatazwa.

Kaka yako amelazwa kwetu tangu tarehe 28 mwezi uliopita. Alinilisha kiapo nisikuambie kabla ya hotuba yako. Hotuba imepita, tumeiona kwenye simu ya daktari mwenye miwani, naye aliiona, akasema, "Joho limepatikana la saizi yake."

Mapafu yake yamekuwa magumu kama sponji iliyokauka. Daktari anasema ni vumbi la kile kinu cha mawe alichofanya kazi miaka minane kabla ya kuja kwetu, wewe ukiwa shuleni. Alikuwa anajua. Ana picha zake za kifua tangu mwaka juzi, amezificha nyuma ya kabati la vipuri, ndani ya bahasha ya geji mbovu. Nilimwuliza kwa nini hakukuambia. Akasema, "Angenipigia simu angesikia. Nilichagua barua kwa sababu barua haina pumzi." Sasa amepata homa ya mapafu juu yake, ndiyo maana yuko hapa.

Nilimtengea kitanda cha pili. Miaka yote aliyotuhudumia, nani angesema neno? Akakataa. Akaniambia niandike namba za vitanda vilivyo wazi, nitie kwenye bahasha, achague. Nikasema, "Fundi, umeanza kuchanganyikiwa." Akasema, "Sista, safari hii tufanye kihalali." Akachagua. Kumi na moja. Akasema, "Sawa. Mwalimu ananisubiri." Sikumwelewa. Siku ya tatu alinieleza yote, vitanda na kadi. Mwanangu, mimi nilidhani ni maagizo yako. Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri.

Kuna moja zaidi. Ratiba ipo ukutani juu ya kichwa chake. Kila asubuhi saa mbili daktari anampunguzia, naye anahangaika, midomo inabadilika rangi, nasi tunasubiri nusu saa kwa sababu imeandikwa tusubiri. Nilimwambia amweleze daktari. Akatikisa kichwa. Alipopata pumzi akasema, "Jina la chini pale ni la mdogo wangu. Likitoka, alitoe mwenyewe."

Anatazama saa ya ukutani. Jana alinikonyeza dakika ya ishirini na saba. Yeye bado ana utani. Mimi sina.

Sista Mkuu


Ofisini,
16 Septemba

Kaka yangu,

Barua ya Sista imenifika leo mchana. Nimempigia daktari wa wodi papo hapo, nikamwambia asitishe Ratiba kwako na kwa wote. Akaniambia, "Profesa, kwa heshima yote, niache makala iliyochapishwa nifuate simu?" Ana haki. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Basi nimeandika. Nakala ya nilichoandika iko ndani ya bahasha hii, na nyingine imetangulia kwa mtandao kwa daktari huyo, kwa jarida, kwa hospitali zile mbili na kwa kila hospitali ninayojua inatumia Ratiba. Nimesema matokeo yetu si ya kuaminika. Nimesema wagonjwa wa makundi mawili hawakupata hewa sawa wala mashine sawa. Nimeomba makala ifutwe na Ratiba iondolewe ukutani leo.

Nilichosema kwao ni hicho. Sasa nikuambie wewe nisichowaambia bado.

Barua yako ya mwezi wa nne nilipoisoma nilielewa kabla sijafika mwisho. Pale kwenye "nikajua kazi yangu" nilikuwa nimeelewa. Nikaiweka chini ya karatasi nyingine. Daftari lilipofika mwezi wa saba nilisoma ukurasa mmoja tu, huo wa sabini na tatu, kwa kuwa uliutaja. Kisha nikaliweka kwenye droo ya chini, juu yake nikaweka joho. Halafu nikaandaa hotuba. Nilisimama mbele ya watu mia tisa nikasema kwamba nusu saa ya subira inaokoa maisha, wakapiga makofi. Wewe siku hiyo ulikuwa umekwisha kusubiri nusu saa mara ngapi? Nimehesabu. Sitaki kuandika.

Nimetumia maisha yangu kusikiliza watu wakipumua. Nimefundisha wanafunzi wasikilize mgonjwa anapotoa sentensi, wahesabu maneno kati ya pumzi na pumzi. Na kaka yangu aliniandikia kwamba analala kwenye kiti, akamtaja na mama, nami sikuona. Nilikuwa nasoma barua ile kwa jicho moja, nikitafuta kama umemwambia mtu.

Kamati ya chuo imeniita tarehe 6 mwezi ujao. Siruhusiwi kusafiri kabla ya hapo. Nikitoka mlangoni nakuja, na cheo au bila cheo.

Usinisamehe kwa utani. Nakuomba.

Mdogo wako


Kitanda cha kumi na moja,
30 Septemba

Mdogo wangu,

Naandika mistari miwili, napumzika. Ukiona mwandiko umebadilika, hapo nimepumzika.

Waraka wako ulifika kwa daktari jioni ileile. Asubuhi yake saa mbili alikuja na ngazi. Akabandua plastiki moja moja, kitanda hadi kitanda. Ya kwangu ilikuwa ya mwisho kasoro moja. Gundi imeondoka na rangi, pana alama ya mraba ukutani. Hewa yangu hawakuigusa. Ndiyo asubuhi ya kwanza sijaiangalia saa.

Yule kijana alivua miwani akaifuta. Akaniambia, "Fundi, kumbe siku ile hukuwa unauliza habari za mpira."

Nikamwambia, "Wala wewe hukuwa unajibu habari za mpira."

Jumatatu walikuja watu watatu kutoka juu kuangalia bomba. Wana vifaa vinavyong'aa. Walitafuta uvujaji saa nzima, wakaanzia mwisho usiofaa. Niliwaelekeza kwa kidole nikiwa nimelala. Wamesema kiungo kipya kitaletwa. Niliomba mara tisa kwa maandishi, kumbe nilitakiwa kuomba kwa waraka wako.

Waraka wako nimeusomewa na Sista, halafu nikausoma mwenyewe. Hujanificha wala hujaniwekea lawama zote. Mstari wa kumi na nne umeandika, "fundi wa mashine wa hospitali, ambaye ni kaka wa mtafiti." Miaka minane nimejitafuta kwenye shukrani. Nimejikuta kwenye kosa. Lakini nimechapishwa. Nimemwomba Sista akabandike pale kwenye ubao wa matangazo, chini ya wezi wa sabuni. Kakataa.

Umeniomba nisikusamehe kwa utani. Mimi sina kifaa kingine. Na mimi nani wa kusamehe? Wewe uliweka daftari kwenye droo. Mimi nilimsukuma mwalimu. Nimelala mahali pake wiki nne sasa, nasikia anachosikia mtu wa hapa. Kuna mluzi mdogo kwenye kiungo. Mwembamba. Nilikuwa naupita kila siku nikidhani naujua.

Daktari ameniambia yangu bila kuzungushazungusha. Hewa ya bomba inasaidia, lakini vumbi la mawe halirudi lilikotoka. Hakutaja tarehe. Nimemwona akitazama picha za kifua jinsi mimi ninavyotazama mashine ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena. Kwa hiyo nenda kwenye kamati yako, usiikimbilie wala usiikimbie, useme na ulichoniambia mimi. Droo na joho. Chote. Kisha uje.

Simu yangu haijawahi kumeza neno. Ni nzima kabisa. Sista ameiweka hapa karibu na sikio.

Nipigie Jumapili saa nne, baada ya usafi. Usinisalimie. Sema kama ulivyozoea, vuta pumzi, hesabu. Nitahesabu.

Leo asubuhi nilijijaribu. Nimefika saba. Mama alifika sita. Namzidi kwa moja.

Fundi